Mji Uliojengwa Kunizuia

Nina ugomvi na kuta za Tallinn, na ninauandika mapema kabla mpwa wangu hajautangaza kwa namna yake.

Mpwa huyu anaishi Helsinki. Mimi na mke wangu tulikwenda kumtembelea mwezi wa tano, mwezi ambao wenyeji wa huko huvaa fulana na kupongezana kwamba joto limefika, nami nilivaa sweta mbili. Jioni moja akatuambia ana wazo zuri: tuvuke bahari twende Estonia. Mji mkuu wake, Tallinn, uko ng'ambo tu, kilomita 80 hivi, saa mbili kwa feri. Viza ileile inatosha. Na Mji Mkongwe wake uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997. Yeye ana zamu kazini, hatakuja.

Nikauliza nani atatuongoza. Akacheka kile kicheko cha vijana wakiulizwa habari za sanduku la posta.

"Mjomba, siku hizi watu wanajiongoza wenyewe! Nakutumia ramani kwenye simu. Ina vidoti, unafuata kidoti hadi kidoti. Bure kabisa."

Ndugu msomaji, ukisikia huko Ulaya kitu ni bure, jua kazi umepewa wewe. Benki walimwondoa karani, ukajihudumia. Uwanja wa ndege unabandika mwenyewe lebo kwenye sanduku lako na kulisukuma mwenyewe. Dukani unajipigia hesabu, unajilipisha, kisha mashine inakushuku. Ulikuwa umebaki utalii, nao sasa umefikiwa. Wewe ndiye mtalii, wewe ndiye kiongozi wa watalii, wewe ndiye mpagazi, na msafara ukipotea hakuna wa kumnyima bahashishi. Maisha yangu yote nimewakwepa papasi wa Zanzibar, wale vijana wanaokuganda tangu bandarini wakitaka kukuonyesha vichochoro ambavyo hukuomba kuviona. Sikujua kama ipo siku nitashuka bandarini, niangaze huku na huku, kisha nihuzunike kwamba hakuna anayenisumbua.

Lakini hilo ni lalamiko dogo. Kubwa ni hili: ule mji haukujengwa kutembelewa. Ulijengwa ili mtu kama mimi asiingie, akiingia asipande, na akipanda ajute. Halmashauri yao imebadili nia, imechapisha vipeperushi na kuweka vibao vya karibuni. Ila mawe hayajaambiwa.

Ushahidi wa kwanza unakupokea ukitoka tu bandarini. Jina lake Margareta Mnene. Ni mnara wa duara wa karne ya 16, kipenyo chake kama mita 25, na unene wa kuta zake unakaribia mita 5. Waliuweka kando ya lango la upande wa bahari kwa kazi mbili: kuwapiga mizinga wanaokuja kwa maji, na kuwatisha wanaokuja kwa maji kabla hata ya kuwapiga. Mimi nilikuja kwa maji. Nina begi mgongoni, nina chupa ya chai na sambusa za jana, na mbele yangu limesimamishwa jumba zima la mawe lenye matundu ya mizinga yanayonitazama usawa wa tumbo. Siku hizi ndani yake ni makumbusho ya mambo ya bahari.

"Baba watoto, tabasamu nikupige picha," mke wangu akasema.

Nani anatabasamu mbele ya mtutu?

Kuanzia hapo ukuta unaendelea. Miji mingi ya Ulaya ilizibomoa kuta zake ilipotaka nafasi ya barabara pana na reli. Hawa hawakufanya haraka. Karibu kilomita 2 za ukuta bado zimesimama, pamoja na minara zaidi ya ishirini, yenye mapaa mekundu yaliyochongoka kama penseli iliyotoka dukani. Watu wanaipiga picha na kusema inapendeza. Mimi niliihesabu kama mtu anavyohesabu mbwa kwenye ua wa jirani.

Kisha kuna barabara zenyewe. Zimepangwa mawe yenye vichwa vya mviringo, kila jiwe na urefu wake na maoni yake. Nilivaa moka zangu nyeusi, viatu vinavyoheshimika arusini, msibani na mahakamani, wala havijawahi kulalamikiwa popote. Mawe ya Tallinn yalivikataa. Vikongwe wa Kifini waliotoka kwenye feri ileile, wakiburuta vitoroli vya kubebea pombe ya bei nafuu, wakanipita mmoja mmoja wakiniamkia kwa kichwa.

"Nilikwambia uvae raba," mke wangu akasema.

"Mtu mzima haendi mji mkuu wa watu na raba," nikamjibu, na msimamo huo ninao hadi leo.

Kidoti cha kwanza cha maana kilikuwa Kanisa la Mtakatifu Olaf. Mnara wake unakaribia mita 124. Umepigwa na radi mara nyingi na kuungua zaidi ya mara moja, na kila ukiungua wanaujenga upya, maana kuna watu hawasikii hata wakiambiwa na mbingu. Enzi za Kisovieti, KGB waliutumia kwa mitambo yao ya redio. Kufika kwenye baraza ya juu kuna ngazi zaidi ya mia mbili, za mawe, za kujipinda, nyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka lazima wafahamiane. Mke wangu alipanda. Mimi nilibaki chini kulinda sambusa.

Mbele kidogo, mtaa uleule wa Pikk, ramani ikasema kidoti kinachofuata ni Nyumba ya Vichwa Vyeusi. Nikasimama. Mtu wa rangi yangu akiona maneno kama hayo kwenye mji wenye ukuta wa namna ile, ana haki ya kuuliza vichwa hivyo vilifikaje hapo na miili yake iko wapi.

Kumbe ni habari nyingine kabisa. Walikuwa chama cha wafanyabiashara makapera, wengi wao wageni, tangu zile karne ambazo Tallinn, wakati huo ikiitwa Reval, ilikuwa mwanachama wa Hansa, ule muungano wa miji ya biashara ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini. Mlezi wao alikuwa Mtakatifu Moris, askari wa Kirumi aliyetoka Misri, ambaye Ulaya ya kaskazini ilizoea kumchora akiwa Mwafrika. Sura ya jengo ilitengenezwa upya mwaka 1597, na juu ya mlango wa kuchongwa wenye rangi za kupendeza kuna kichwa chake: mtu mweusi, katulia, anatazama mtaani kama mwenye nyumba anayemsubiri mpangaji wa miezi mitatu.

Mke wangu akamkazia macho. "Huyu kama marehemu mjomba wako wa Pangani."

"Mjomba wangu alikuwa na wake watatu. Hapa asingeandikishwa."

Maana sharti lilikuwa hilo. Ukioa, unatoka, unakwenda kwenye chama cha wakubwa waliooa. Na jukumu mojawapo la Vichwa Vyeusi lilikuwa kuulinda mji wakati wa vita. Tafakari mpango huo. Mgeni wanamkubali akiwa hana mke, wanamweka kwenye nyumba yake peke yake, kisha wanampa silaha akae ukutani kuzuia wageni wenzake. Chama kiliendelea kuwepo hadi mwaka 1940, Wasovieti walipoingia na kukivunja.

Baada ya hapo simu ikashindwa. Vichochoro vya katikati ni vyembamba na kuta zake ndefu, na kile kidoti cha bluu kinachodai kuwa ni mimi kikaanza kurukaruka. Mara niko mtaa wa pili, mara niko juu ya paa. Kwenye Njia ya Katarina, uchochoro mwembamba ambao ukutani wametundika mawe ya makaburi kutoka iliyokuwa monasteri ya Wadominiko, simu ilisisitiza kwamba nimesimama ndani ya ukuta. Ndani ya jiwe lenyewe. Nikampigia mpwa.

"Mjomba, zima halafu uwashe."

Ushauri huu vijana wanautoa kwa simu, kwa redio, na nina hakika siku moja watautoa kwa wazee.

Hivyo tukafika Uwanja wa Ukumbi wa Mji kwa njia za kale, yaani kwa kufuata harufu ya chakula. Ukumbi wenyewe ulikamilika mwaka 1404. Juu ya mnara wake kuna Toomas Mzee, askari wa shaba anayeonyesha upepo unakovuma, ambaye kwa mara ya kwanza alipandishwa huko mwaka 1530. Hata sanamu ya kuonyesha upepo, wakaona bora iwe mlinzi. Na kwenye nguzo ya baraza ya jengo hilo umebaki mnyororo wenye kola ya chuma, ambamo wakosaji walifungwa shingo ili wapita njia wawatazame. Wazungu wawili walikuwa wanapokezana kuingiza shingo humo na kupigana picha. Mimi nilipita mbali.

Hapo ndipo mke wangu alipogundua dawa ya kutokuwa na kiongozi: kumdoea wa watu. Katikati ya uwanja kulikuwa na msafara wa wastaafu wa Kimarekani, na mbele yao mama mmoja mwenye mwavuli mwekundu, anayesimulia kwa sauti inayofika. Tukajisogeza. Kudoea msafara kunahitaji ufundi, hasa ikiwa wewe na mkeo ndio weusi pekee uwanjani ukimtoa yule wa juu ya mlango. Nikakunja uso kama mtu aliyelipa. Mke wangu akatikisa kichwa kila mama alipotaja mwaka.

Na kwa dakika zile ule mji ukaanza kusema. Mama akaonyesha chini mawe mawili marefu yaliyopangwa kama herufi L. Wenyeji husimulia kwamba mwishoni mwa karne ya 17 kasisi mmoja aliagiza kimanda kwenye mgahawa wa hapo. Akaletewa kigumu kama soli ya kiatu. Akakirudisha. Akaletewa kigumu zaidi. Ilipofika cha tatu, akachukua shoka akamuua mhudumu, naye akakatwa kichwa papo hapo, kwenye ile herufi. Ramani ya mpwa wangu ilikuwa na kidoti hapo. Kidoti hakikuwa na neno hata moja kuhusu kimanda.

Akatusogeza hadi duka la dawa kwenye kona ya uwanja. Limetajwa katika kumbukumbu za mji tangu 1422, na mpaka leo unaweza kuingia ukanunua vidonge vya kichwa. Zamani waliuza unga wa kalunguyeye aliyechomwa, nyuki waliochomwa, unga wa popo, na unga wa pembe ya mnyama ambaye hajawahi kuzaliwa, yule farasi mwenye pembe moja. Nikamtazama mke wangu. Miaka yote nikitafuta dawa ya goti kwa mzee mmoja wa Muheza, ananiita mshirikina. Hawa wameweka yao kwenye kabati la kioo na wanaitwa urithi wa dunia.

Mama mwenye mwavuli akaanza kuhesabu watu wake. Tukaondoka kistaarabu.

Tukala kwenye mgahawa mmoja wa eneo lile unaojidai uko zama za kati. Hakuna taa, kuna mishumaa. Hakuna kijiko, unakunywa supu kwa kuinua bakuli. Mhudumu kavaa gunia na anakufokea kwa makusudi, kwa kuwa eti ndivyo watu wa kale walivyohudumiwa. Kwetu giza la namna ile tunapiga simu kuuliza umeme utarudi saa ngapi. Wao wanalitoza. Simuungi mkono yule kasisi hata kidogo, lakini nilipoona shoka la mapambo ukutani niliomba bili.

Mchana tukatakiwa kupanda Toompea, kilima cha juu ya mji. Njia za kale ni mbili, Mguu Mrefu na Mguu Mfupi. Mfupi ni wa ngazi na mteremko mkali, mrefu ni wa kuchosha taratibu. Hapo nikajifunza jambo lililonituliza moyo kidogo. Juu waliishi mabwana wenye ardhi na askofu, chini wakaishi wafanyabiashara, na hawakupendana. Kila upande ulikuwa na sheria zake. Karne ya 15 wale wa chini wakajenga ukuta kati yao na wa juu, na malango ya ile miguu miwili yakawa yanafungwa usiku. Hadi karne ya 19 ndipo pande mbili zikawa mji mmoja. Kumbe haikuwa chuki dhidi yangu pekee. Hata wao kwa wao walifungiana mlango, na mtu wa juu aliyechelewa kuuza farasi wake chini alilala huko huko.

Juu kuna kanisa kuu la Kirusi la Alexander Nevsky, lenye makuba kama vitunguu, lililokamilika mwaka 1900 mbele kabisa ya ngome ambayo sasa ni Bunge, ili kila atokaye akumbuke nani anatawala. Kuna pia roshani za kutazamia, ambapo unaona mapaa mekundu yote, minara yote, na bahari uliyotoka. Nikakaa kwenye kijiwe nikipumua, na nikapiga hesabu ya ule ukuta umefanya kazi gani hasa.

Wadenmaki waliichukua ngome ya kilima hiki mwaka 1219. Mwaka 1346 wakawauzia mashujaa wa msalaba wa Kijerumani Estonia yote ya kaskazini kwa marki 19,000 za fedha, watu na mifugo humo humo. Mwaka 1561 mji ukawa chini ya Wasweden. Mwaka 1710 tauni ikaua watu wengi sana ndani ya kuta, na mji ukajisalimisha kwa Warusi. Mwaka 1940 Wasovieti, 1941 Wajerumani, 1944 Wasovieti tena, baada ya ndege zao kuushambulia mji kwa mabomu usiku wa 9 Machi na kuacha familia nyingi bila paa. Uhuru ukarudi 1991.

Sasa nieleze. Kila mwenye jeshi ameingia. Mwenye fedha ameingia. Hata tauni iliingia bila kugonga. Ukuta wote ule, minara yote ile, Margareta na unene wake, na mtu pekee uliyefanikiwa kumchelewesha ni mstaafu mmoja wa Tanga mwenye goti bovu.

Nilipomweleza mke wangu uchambuzi huu akasema nimalizie chai yangu, feri haisubiri wanahistoria.

Tukateremka kupitia Kiek in de Kök, mnara wa mizinga wa karne ya 15, mita 38 kwenda juu. Askari wake walijisifu kwamba kutoka juu wanaona mpaka ndani ya majiko ya watu, na mnara ukapewa jina kwa umbea huo. Kwenye ukuta wa nje kuna risasi za mizinga za mwaka 1577, wakati majeshi ya Ivan wa Kutisha yalipouzingira mji yakashindwa. Sawa, nakiri, mara hiyo ukuta ulifanya kazi. Chini yake kuna matuta ya ngome na mahandaki, na benchi. Tukakaa benchini. Simu ikalia.

"Mjomba, mmefika kwenye ngome? Sasa sikiliza, hii nilikuwekea ya mwisho makusudi."

Akanisomea. Mwanzoni mwa karne ya 18, mtoto mmoja alichukuliwa utumwani Afrika, akafikishwa Istanbul, na kutoka huko akapelekwa Urusi kwa Tsar Peter Mkuu. Wapo wanaosema kwao ni pande za Ethiopia na Eritrea, wapo wanaosema ni karibu na Ziwa Chad. Tsar akamlea, akawa baba yake wa ubatizo, akampeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi. Jina lake likawa Abram Petrovich Gannibal. Alifika cheo cha jenerali, na mshairi Pushkin ni kitukuu chake. Na kuanzia 1742 hadi 1752, mkuu wa kijeshi wa mji huu, mwenye askari na ngome zake mkononi, alikuwa yeye.

Nikakata simu. Nikautazama ule ukuta upya, kuanzia chini hadi juu.

"Kwa hiyo," mke wangu akasema polepole, akijifuta makombo ya sambusa, "siku nzima umewasema Wazungu wa watu, kumbe mwenye funguo za geti alikuwa mtu wa kwetu?"

Hapo kila kitu kikanielea, maana jambo hili kila Mtanzania analijua. Nenda kwenye jengo lolote kubwa. Ukikuta getini mlinzi asiyekujua, anakupungia mkono upite. Ukimkuta wa kwenu, mliyecheza naye chandimu, atataka kitambulisho, barua ya mwaliko na namba ya simu ya unayekwenda kumwona. Atakuandika kwenye daftari na jina la baba. Kisha, ukiwa bado umesimama juani, atakuuliza habari za nyumbani.

Kwa hiyo malalamiko haya siyapeleki ubalozi wa Estonia. Nayapeleka kwenye kikao cha ukoo cha Desemba, chini ya ajenda ya Mengineyo: ndugu zetu wanaopewa vyeo vya kulinda mageti ya watu wajifunze kuacha upenyo.